Boya la dreja: nanga imeshika hata maji yakijaa

Hatimaye! Bwawa la majaribio limejaa hadi alama ya bamvua (maji makuu), mizani ya kupima mvuto wa mnyororo inasoma kilo 2.5, na nanga imetulia tuli.

Kwa wanaofuatilia: modeli bado ni 1:20, boya la kuhamishika. Dreja, yaani meli ya kuchimba mchanga chini ya maji, inajifunga hapo, inasukuma mchanga kwa bomba hadi ufukweni, kazi ikiisha mtambo wote unang'olewa. Kilo 2.5 hizo baharini ni tani 20, maana uzito unazidishwa 20 × 20 × 20.

Kilichonikosesha usingizi ni mnyororo. Maji yakipwa hadi mita 12, mnyororo wa milimita 50 unahitaji mita 100 ili uifikie nanga ukiwa umelala. Yakijaa mita 3.5 zaidi, kama bamvua la kwetu, unahitaji 113. Mita 3.5 za maji zinakula 13 za mnyororo! Hizo ni zaidi ya kilo 700 kwa kila nanga, na nanga ni nne. Ukibana urefu, pingili za mwisho zinanyanyuka mchangani moja moja, mpini wa nanga unainuka, makombe yake (kucha za kuchimbia mchanga) yanakosa cha kushika, basi inaburura mfereji mpaka ukingoni.

Dawa ni uzito, tena hatua chache tu kutoka kwenye nanga. Donge la zege la gramu 150 lilishindwa: majini zege hupoteza zaidi ya asilimia 40 ya uzito wake. Chuma hupoteza kama 13 tu. Kipande cha nondo cha gramu zilezile kikazilaza pingili zote. Ndiyo, baharini hiyo ni tani 1.2, nzito kuliko mnyororo niliouepuka. Lakini chuma chakavu kinapatikana bandari yoyote. Mnyororo wenye cheti lazima uubebe mwenyewe.

Halafu hizi mizani za kidijitali, sizitaki tena. Nanga ikiteleza, namba zinacheza tu. Ile ya springi ya wauza samaki, mshale unaruka na unajua papo hapo.

Wiki hii ilikuwa zamu ya bomba linaloelea. Lisubiri. Nimeshikwa na wazo la sanduku la chuma badala ya nanga na nondo: linavutwa likielea, linajazwa maji linazama, siku ya kuhama linapigwa hewa linaibuka. Hofu yangu ni mchanga kulinasa chini. Bati nimeshakata, bado kuchomelea valvu.