Siku Moja ya Mkusanya Ushahidi wa Jengo la Kijani

Saa 1 asubuhi. Niko saiti kabla kazi haijachanganya. Jengo hili linaombewa cheti cha LEED, mfumo wa kupima majengo yanayojali mazingira, daraja la Dhahabu, yaani pointi kuanzia 60 hadi 79 kati ya 110. Kazi yangu ni kuhakikisha kila pointi tunayoidai ina ushahidi. Watathmini hawaji kukagua kuta. Wanasoma mafaili tunayowatumia. Fundi anaweza kufanya kazi safi kabisa, lakini isipoachiwa kumbukumbu, kwao haipo.

Napanda moja kwa moja ghorofa ya tatu, maana leo wanafunga kuta za nje kwa bodi za jasi. Nyuma ya bodi hizo kuna sufi ya madini ya kuzuia joto, na skrubu zikishaingia hakuna tena wa kuuona unene wake. Nasimamisha futi kwenye sufi, naweka kibao chenye namba ya chumba na tarehe, napiga picha.

"Dada, tufunge?"

"Bado, fundi. Hiyo kona imebanwa."

Sufi iliyobanwa inapoteza hewa iliyomo, na hewa hiyo ndiyo inayozuia joto. Anaitoa, anaikata upya kwa kisu, anaipachika bila kuisukuma. Napiga picha tena, wanafunga.

Saa 3. Mzunguko wa hewa safi. Midomo ya mabomba ya kiyoyozi inatakiwa kufunikwa nailoni wakati wote wa ujenzi, kwa sababu vumbi linaloingia leo ndilo watakalovuta watu wakishahamia. Miwili iko wazi. Nasimama hapo hadi ifunikwe. Naangalia pia kwamba vibao vya kukataza sigara viko mahali pake: ndani marufuku, na nje ni marufuku karibu na milango, umbali wa mita 7.5.

Saa 4 na nusu lori la taka linaondoka. Tunataka asilimia 75 ya taka isiende dampo, na iwe imetenganishwa katika makundi yasiyopungua manne: kwetu ni chuma, mbao, zege na maboksi. Udongo uliochimbwa hauingii kwenye hesabu, hata uwe mwingi kiasi gani. Karatasi ya mizani ya safari iliyopita imeandikwa tu "taka mchanganyiko". Karatasi ya namna hiyo hainisaidii kitu. Naipigia yadi inayopokea taka waniandikie uzito wa kila kundi.

Chakula, haraka.

Saa 8 mchana. Hapa ndipo siku yangu inapokwenda. Muuzaji wa milango ameleta ankara ya mbao zenye cheti cha FSC, yaani zinazotoka msitu unaotunzwa ipasavyo, na ametuma hadi picha za nembo iliyogongwa kwenye ubao. Nembo peke yake haitoshi. Ankara yenyewe lazima iwe na namba ya mnyororo wa umiliki ya aliyetuuzia, yaani ya cheti kinachofuatilia mbao mkono kwa mkono kutoka msituni, na ieleze ni bidhaa ipi ina cheti, kwa daraja gani. Yangu haina namba.

"Mbao ni zenyewe kabisa, bosi," ananiambia kwenye simu.

"Sina shaka na mbao, kaka. Nauliza namba."

Saa 9 na nusu, stoo ya rangi. Nasoma lebo ya kila ndoo nikilinganisha na karatasi ya kiwanda: rangi ya ukutani isizidi gramu 50 za kemikali tete, zile zinazovukia hewani, kwa lita. Zote ziko sawa.

Saa 11 muuzaji anapiga. Mbao zilitoka kwenye msitu wenye cheti, lakini zikapitia kwa dalali asiyekuwa nacho. Mnyororo umekatikia hapo. Inaniuma, kwa sababu naamini kuna watu waliotunza msitu ule ipasavyo, na kazi yao imepotelea njiani kwenye makaratasi. Hata hivyo nikikubali ankara hii kwa huruma, namdhulumu muuzaji aliyegharamia cheti chake na kukaguliwa kila mwaka.

Naiondoa milango hiyo kwenye jedwali la pointi, napakia picha za sufi na majina ya vyumba, kisha namwandikia mtu wa manunuzi: milango ya ghorofa zilizobaki isiagizwe mpaka muuzaji atume namba yake, niihakiki mwenyewe kwenye kanzidata ya FSC.