Fyuzi ya wipa ndiyo iliyonirudisha nyumbani

Nilikuwa natoka Ipole na ndoo 22 za asali, tairi la nyuma linavujisha upepo taratibu. Kila nilipoona limelala nilisimama, nikachomeka pampu ya upepo kwenye tundu la kiberiti, nikajaza, nikaendelea. Mara ya tatu ilikuwa usiku. Nikaacha injini inaunguruma, spotlaiti zinawaka, simu inachaji. Nikabonyeza swichi ya pampu.

Taa zikazima. Injini nayo ikazima.

Gari ni Land Cruiser mkonga ya 1994, injini 1HZ, lita 4.2. Haina kompyuta wala mbwembwe. Ikishawaka, inachodai ni umeme kidogo tu wa kushikilia solenoidi ya pampu ya dizeli, yaani kizibo cha umeme kinachofungulia dizeli. Umeme huo ukikatika, dizeli haipiti. Lakini spotlaiti zinahusiana vipi na solenoidi? Tochi mdomoni, nikafungua mfuniko wa fyuzi. Ya injini, ile ya bluu ya ampea 15, uzi wake umekatika. Ya akiba sina. Nikang'oa ya wipa, maana kiangazi hiki wipa ya nini. Ilikuwa ya njano, ampea 20, si saizi yake, najua. Nikachomoa kwanza kila kitu cha ziada, nikaichomeka, nikaja Tabora na taa za gari peke yake.

Asubuhi, chini ya mwembe wangu Isevya, nililala chali chini ya dashibodi. Jamani. Waya wa spika, waya mwekundu, waya wa kijani mwembamba kama wa kengele ya mlangoni, vyote vimesokotwa pamoja na kuvishwa soleteipu iliyoyeyuka gundi. Vyote vimening'inia kwenye mguu mmoja wa fyuzi ya injini. Kila fundi aliyepita humo alianika cha kwake kama nguo kwenye kamba. Piga hesabu: spotlaiti mbili za wati 55 ni wati 110, gawa kwa volti 12, unapata ampea 9 na ushee. Pampu yangu imeandikwa ampea 12. Hapo ni 21, simu na solenoidi bado.

Kijana anayenisaidia akaniambia, "Mzee, weka ya thelathini, haitakatika tena."

"Kutokatika ndiyo ubaya wake, mwanangu. Fyuzi hailindi taa, inalinda waya. Ukiweka ya thelathini kwenye huu uzi wa kengele, utakaoungua ni waya, na juu yake kuna zulia."

Nikanunua fyuzi boksi ya nafasi sita, rilei moja (swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa), na waya mnene wa milimita za mraba 16. Kutoka kwenye chanya ya betri, kabla ya urefu wa kiganja kuisha, nikafunga fyuzi kubwa ya ampea 60. Wengi huiweka mbali, karibu na boksi. Sasa kipande cha kati kikichunika na kugusa bodi, nani atakikata? Kwenye tundu la kuingilia ndani niliuvisha waya kipande cha tyubu ya baiskeli, kwa sababu bati la pale lina makali na hii gari inatikisika kuliko mashine ya kusaga.

Rilei ndiyo iliyonitoa jasho. Miguu yake imeandikwa namba: wa 30 unapokea umeme mnene, wa 87 unaupeleka kwenye boksi. Wa 86 niliupa waya wa redio unaoamka ukizungusha funguo, wa 85 ukaenda kwenye bodi, ambayo ndiyo hasi. Nikawasha: ta-ta-ta-ta, inalia kama panzi ndani ya kopo. Nikabadilisha rilei, bado panzi. Nusu saa nzima! Kumbe boliti ya bodi niliyoifungia 85 ilikuwa imekaa juu ya rangi, hasi inashika na kuachia. Nikakwangua kwa msasa mpaka bati likang'aa, nikafunga, nikapaka grisi juu. Tak. Moja tu, ikanyamaza.

Spotlaiti nimezipa fyuzi ya ampea 15, pampu 20, simu 7.5, taa ya nyuma ya kupimia asali 10. Injini imerudishiwa fyuzi yake, iko peke yake. Zamani kwenye spotlaiti mita ilisoma volti 11.6 injini ikiwa inaunguruma. Sasa inasoma 13.3. Nilidhani zile taa ni feki, kumbe zilikuwa na njaa.

Zimebaki nafasi mbili. Mama Neema kaziona, anataka feni upande wake. Nimemwambia tusubiri kwanza nirudishe fyuzi ya wipa, mvua ziko njiani.