Nilifuata Jina Nairobi, Wakadhani Nafuata Nyumba

Basi la usiku kutoka Tanga lilinipa kiti cha dirishani, na dirisha lenyewe halifungiki. Nilipolalamika, kondakta akaniambia hewa ni afya. Nikaila afya hiyo usiku kucha, na tuliposhuka Nairobi alfajiri ya mwezi wa saba nilikuwa sisikii vidole vya miguu. River Road nikaingia mgahawa wa kwanza uliokuwa wazi, nikaagiza chai na mandazi mawili. Bili ilipokuja nikazidisha mara ishirini, maana shilingi yao moja ni kama ishirini zetu, nikaona kwa pesa ile Tanga ningekula wali na samaki na kurudishiwa chenji. Chumba cha kulala sitaki hata kukizungumzia. Maji ya moto yalikuwemo kwenye tangazo tu.

Kilichonipeleka ni mama yake bibi. Nyumbani tulikuwa tukisikia tu kwamba alikuwa na nyumba Pangani, na kwetu ukisema Pangani kila mtu anaelekeza kidole kusini, kule mtoni. Kumbe ni Pangani ya Nairobi. Kilikuwa kijiji cha Waafrika, cha kale karibu sawa na mji wenyewe, ambao ulianza reli ilipofika hapo mwaka 1899. Wazungu walizungumza miaka mingi habari ya kukibomoa, na mwisho wa miaka ya 1930 wakakibomoa kweli, wakazi wengi wakahamishiwa Shauri Moyo. Bibi alizaliwa Pangani hiyo. Mama yake alipoolewa na baharia wa kwetu wakarudi pwani wote, na habari za Nairobi zikafungwa. Ukimuuliza bibi mama yake alikuwa akifanya nini huko, alijibu "biashara", halafu anakutuma dukani.

Nilianzia Jumba la Nyaraka za Kitaifa, Moi Avenue, lile ambalo nusu ya Nairobi wanapeana miadi mbele yake. Zamani lilikuwa benki. Chini kumejaa vinyago, nguo na vito alivyokusanya Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais mwaka 1966, na wanafunzi wanapita wakipiga kelele. Juu, kwenye chumba cha kusomea, ni kimya. Kalamu ya wino hairuhusiwi, ni penseli tu. Vijana wa pale walinisaidia kwa moyo mkunjufu, wakaniletea majalada mpaka meza ikajaa.

Nikasoma habari za panya na tauni. Nikasoma mitaro, vyoo, pombe, nani alipe gharama ya taa. Maofisa wale waliandika kwa mwandiko mzuri sana juu ya kila kitu kilichowasumbua pua. Wenye nyumba walikuwemo kwa jumla tu, "wenyeji wa Pangani", jina hakuna. Mwanamume ungeweza kumfuata kwa kipande, maana baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kila mwanamume Mwafrika alilazimika kubeba kile cheti chenye alama za vidole, akakivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Wanawake hawakupewa kipande. Wakati ule waliona ni nafuu yao, na bila shaka ilikuwa nafuu, lakini mjukuu anayetafuta leo haoni kitu. Tena wengi waliofika Pangani walisilimu wakachukua majina mapya, kwa hiyo hata ningekuta orodha nisingejua nitafute jina lipi.

Nikaacha majalada, nikapanda matatu za kwenda Eastleigh, nikashuka Majengo, Pumwani, mtaa mwingine wa kale wa Waafrika.

Nilikuwa na jina moja tu mkononi, la shoga yake mama yake bibi, rafiki yake wa kike. Karibu na msikiti niliwakuta wazee barazani, nikawaamkia, nikalitaja. Wakatazamana. Mmoja akamtuma mtoto anipeleke, tukakata vichochoro upande wa Gikomba mpaka kwenye nyumba ya udongo na mabati, korido katikati, vyumba huku na huku, kila mlango na kufuli yake na pazia lake. Mwisho wa korido alikaa bibi mmoja juu ya mkeka, anachambua maharage.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wa wapi wewe?"

"Wa Tanga, bibi."

"Wa nani Tanga?"

Nikamwambia. Mkono ukasimama ndani ya ungo. Hakuniambia karibu. Alimgeukia yule mtoto: "Kamwite mjomba wako. Mwambie aje saa hii."

Alikuja mjomba, wakaja na wengine. Muda si mrefu korido ilijaa, hata wapangaji walitoka vyumbani kutazama. Mimi nimesimama na daftari langu na penseli.

"Dada, kwani umekuja na wakili?" mjomba akauliza.

"Wakili wa nini, mjomba?"

"Wa ploti."

Ndipo nikaelewa. Kwao kuna hadithi kwamba nyumba ile ilijengwa na mashoga wawili kwa pesa za pamoja, mmoja mama yake huyu bibi, wa pili akaenda zake pwani. Miaka yote hiyo wamekaa wakijua ipo siku mtu atatokea kutoka Tanga kudai nusu. Na mtu katokea, ana daftari. Nilieleza kwamba natafuta ukoo tu. Bibi akasema, "Wanaokuja kumuulizia marehemu, hawamuulizii marehemu." Korido nzima ikaitikia.

Wakanitaka niandike kwamba sidai. Kijana wa sekondari akachana ukurasa wa daftari la hesabu, lenye miraba, akaanza kwa mwandiko wa kujivunia: Mimi fulani, binti fulani. Nyumba zile za akina mama mara nyingi zilirithishwa kwa wanawake, kwa hiyo mjomba akataka upande wa kike uandikwe wote, asije mwingine baadaye. Nikataja mama, nikataja bibi, nikamtaja mama yake bibi kwa jina lake la Kiislamu. Nikakwama.

"Binti nani?" kijana akauliza, kalamu juu.

Bibi akanijibia bila kuinua macho kwenye maharage. Alitaja jina la Kikuyu, na la mama wa huyo, na mgongo wa kilima waliotoka upande wa Kiambu. "Alikuja mjini msichana, amekimbia mume mzee. Akasilimu hapo Pangani. Aliuza chai, akauza maandazi, akapangisha vyumba." Akanyamaza kidogo. "Na mengine." Akacheka mpaka akakohoa, na wanawake wote wakacheka naye.

Basi ndiyo ile biashara. Nimesoma mahali kwamba wanawake wengi wa Pangani na Pumwani walijijengea nyumba kwa njia hizo, na sikuona aibu yoyote. Nyumba ya mwanamke mmoja, bila mume, zama za kikoloni! Tabu iko nyumbani. Mjomba wangu sebuleni kila Idi hupanga nasaba yetu ya Wasegeju mpaka Shungwaya, kule kaskazini tunakosimuliwa mababu walitoka, na Kiambu haimo njiani. Mama nitamwambia. Mjomba sijui nitamwanzaje, labda baada ya pilau.

Nikatia saini, wazee wawili wa barazani wakawa mashahidi, bibi akaweka kidole gumba. Hapo ndipo nilipokaribishwa kuketi, ikaja chai ya maziwa na tangawizi, na hiyo sikulipia.

Niliposoma upya karatasi nikaona kijana, kwa kusikia Tanga, ameandika kwamba marehemu alikuwa na nyumba "Pangani, Tanga". Nikamwonyesha mjomba. Akaitazama, akasema dole limeshawekwa, tukifuta itaonekana imechezewa. Akaikunja akaitia mfukoni. Nakala kwa kila mrithi nilitoa mimi, kwa pesa yangu.