Utrecht ina ghorofa mbili: tembea juu, rudi kwa maji

Anayetoka Dodoma kwenda Uholanzi kwa kozi au mkutano mara nyingi hubakiwa na Jumamosi moja tu isiyo na ratiba, na wengi huipeleka Amsterdam. Amsterdam ni nzuri, ila imejaa, na mifereji yake utaitazama kutoka darajani kama unavyolitazama korongo kutoka barabarani: unachungulia, unapita. Kama siku ni moja, ipeleke Utrecht. Kutoka uwanja wa ndege wa Schiphol ni nusu saa hivi kwa treni isiyobadilishwa njiani, na mfereji wake mkuu una kitu ambacho Amsterdam haina: ghorofa mbili. Juu kuna barabara, maduka na baiskeli. Chini, karibu usawa wa maji, kuna gati jembamba linaloandamana na mfereji pande zote mbili, na kwenye ukuta wa gati hilo kuna milango. Ni milango ya maghala yanayopita chini ya barabara hadi chini ya nyumba za ng'ambo yake.

Mfereji huo unaitwa Oudegracht, yaani mfereji wa zamani. Hizo "g" na "ch" zitamke kama "kh" ya Khamisi. Ukisema "Audekhrakht" utaelekezwa. Ukiisoma kama ilivyoandikwa utatazamwa tu.

Jina Utrecht lenyewe linatokana na kivuko. Warumi walijenga ngome hapo karibu mwaka 47 kulinda mahali pa kuvukia mto Rhine, uliokuwa mpaka wa dola yao. Kisha mwaka 1122, mwaka uleule mji ulipopewa haki zake, Rhine ilizibwa kwa tuta huko Wijk bij Duurstede, kusini-mashariki mwa mji. Mji wa biashara ukapungukiwa maji, ukalazimika kuchimba mifereji yake. Maji yalipokaa chini na kingo zikabaki juu, wenye nyumba walifanya hesabu rahisi: kwa nini pipa lipandishwe hadi barabarani, kisha lishushwe tena ghalani? Wakachimba handaki kutoka chini ya nyumba hadi ukingoni. Boti ikifika, mzigo unaingia moja kwa moja.

Sisi wa Dodoma, ambao mito yetu ni mchanga mtupu tangu Mei hadi Novemba na maji ya bomba yanatoka kwenye visima vya Mzakwe, tunaweza kushangaa kuona maji yaliyosimama usawa uleule mwaka mzima, sentimita chache chini ya meza za mgahawa. Si bahati. Usawa huo unashikiliwa kwa malango ya maji. Maji huingia kutoka kusini-mashariki kwa mto Kromme Rijn, kipande kilichobaki cha ile Rhine ya zamani, na hutoka kaskazini kwenye lango la Weerdsluis kuingia mto Vecht. Mkondo upo, ila ni wa pole mno. Upepo utakusumbua zaidi yake.

Sasa njia ya miguu. Stesheni ya Utrecht Centraal ina pande mbili, na kosa la kwanza hutokea hapo. Fuata maandishi "Centrum", si "Jaarbeurs". Utapita ndani ya jengo la maduka la Hoog Catharijne, na ukitoka utakutana na maji ya Catharijnesingel. Simama kidogo. Sehemu hii ya mfereji ilifukiwa ikajengwa barabara kuu ya magari miaka ya 1970. Baadaye mji ukaghairi, ukaifukua, na Septemba 2020 maji yakauzunguka tena mji wa kale. Mji uliofukia mfereji kisha ukalipa kuufukua ni somo zuri kwa anayejenga jiji jipya, lakini hilo tuwaachie watu wa mipango miji.

Endelea hadi Mariaplaats, kisha ingia barabara ya Zadelstraat. Mnara wa Dom, kanisa kuu la zamani la mji, utauona mbele yako mwisho wa barabara, na huna haja ya ramani tena. Vuka daraja la Maartensbrug, pita chini ya mnara wenyewe kwenye tao lake, utatokea uwanja wa Domplein.

Hapo kuna jambo linalowachanganya wageni: mnara uko upande mmoja wa uwanja, kanisa upande mwingine, na katikati ni wazi. Zamani vilikuwa jengo moja. Tarehe 1 Agosti 1674 dhoruba ilipiga mji, na sehemu ya katikati ya kanisa, ambayo haikuwahi kujengwa kwa uimara uliokusudiwa, ikaanguka. Kifusi kilikaa pale hadi mwaka 1826. Tazama chini: mawe ya rangi tofauti yanaonyesha nguzo zilikokuwa.

Mnara ulijengwa kati ya 1321 na 1382, una urefu wa mita 112 na ngazi 465. Lifti hakuna. Hupandi peke yako. Unaingia kwa zamu pamoja na mwongozaji, hivyo tiketi inunuliwe mtandaoni siku kadhaa kabla, hasa kwa Jumamosi. Ngazi zinazunguka na ni nyembamba, wapandao na washukao hawapishani kwa raha. Begi kubwa liache ulikofikia. Mwenye presha, goti bovu au hofu ya sehemu zilizobana asijilazimishe. Abaki bustanini nyuma ya ukuta wa kanisa, panaitwa Pandhof, na kama ni Jumamosi saa 5 asubuhi asikilize kengele zikipigwa na mpigaji mwenyewe, si mashine.

Kutoka Domplein usirudi Oudegracht mara moja. Pita nyuma ya kanisa hadi Pausdam, ilipo nyumba iliyojengwa kwa ajili ya Adriano wa 6, mzaliwa wa Utrecht aliyekuwa Papa mwaka 1522 hadi 1523 na hakuwahi kuishi humo. Kisha shika Nieuwegracht kuelekea kusini. Huu nao una magati na maghala, ila hauna kelele. Hapa ndipo pa kupiga picha bila migongo ya watu. Mwisho wake utafika kwenye bustani inayofuata mfereji wa nje, ule unaouzunguka mji wa kale. Geuka kulia na ufuate maji hadi Ledig Erf, kisha rudi kaskazini kando ya Oudegracht. Mzunguko wote ni kama kilomita 5, saa mbili kwa mwendo wa kutazama.

Ukiwa kwenye kipande hicho cha kusini cha Oudegracht, angalia mawe ya barabara. Baadhi yana herufi moja iliyochongwa. Ni shairi linaloongezwa herufi moja kila Jumamosi tangu Juni 2012, na halina mwisho uliopangwa. Inua macho pia kwenye ukuta wa gati: chini ya nguzo za taa kuna mawe yenye sanamu ndogo za watu, wanyama na visa vya mji. Hizo za ng'ambo unaziona ukiwa juu, ila za upande wako hutaziona mpaka ushuke.

Kushuka ni kwa ngazi za mawe zilizo karibu na madaraja, au kwa njia ya chini ya Ganzenmarkt, handaki lenye mteremko linalotokea gatini. Gati halina reli ya kushika. Likilowa huteleza, na mizizi ya miti imeinua matofali. Ukiwa na mtoto, mshike mkono upande wa ukutani. Na kwa kuwa kuta hizi ni za zamani, ukarabati unaendelea miaka mingi. Ukikuta kipande kimezungushiwa uzio, panda barabarani, upite, ushuke mbele.

Hapo juu barabarani hutaona malori makubwa. Barabara imekaa juu ya maghala, kwa hiyo uzito wa magari umewekewa kikomo. Ndiyo maana bia na vyakula vya migahawa hupelekwa kwa boti ya umeme ya mji. Ukiiona ikishusha mapipa gatini, hiyo ndiyo kazi mfereji ulichimbiwa. Meza na mishumaa vimekuja juzi.

Baada ya kutembea, ingia majini. Watu wengi huanza na boti, tunadhani ni kosa. Ukiwa umekwisha kupita juu, unajua kila daraja liko wapi na kila mnara ni upi, na boti inakujazia nusu iliyobaki. Boti za utalii zenye paa la kioo huondoka Oudegracht, huchukua kama saa moja, na maelezo ni kwa Kiingereza pia. Kaa dirishani, si katikati: kioo hurudisha mwanga na picha ya katikati huwa na vichwa vya wenzako.

Lakini kinachofaa zaidi ni kayaki au boti ya pedeli, hukodishwa kwa saa palepale gatini. Kuingia: boti ilale sambamba na gati, shika ukingo wa gati kwa mkono mmoja, weka mguu katikati ya boti, usiukanyage ukingo wa boti, kisha kaa mara moja. Wanaoanguka huanguka hapo, mita sifuri ya safari, kwa sababu wamesimama wakitafuta simu. Simu iwe kwenye mfuko usioingiza maji. Kama hujui kuogelea, omba jaketi okozi hata kama hujapewa; hakuna atakayekucheka. Kayaki ya watu wawili huongozwa na wa nyuma, na wa mbele huweka mwendo. Makasia yaingie majini pamoja, la sivyo yatagongana.

Kosa kubwa la Mtanzania ni kushika kushoto. Kwetu gari, boda na baiskeli vinashika kushoto, na mwili umezoea. Kule vyote vinashika kulia, majini na nchi kavu. Boti ya utalii inapokuja, sogea kulia ukutani, acha kupiga kasia, na vidole viwe ndani. Kati ya boti na tofali hakuna nafasi ya mkono. Mahali pabaya ni karibu na Stadhuisbrug, ambapo mfereji unapinda na daraja ni pana kama handaki: unayeingia humwoni anayetoka. Sikiliza honi kabla ya kuingia. Ubao wenye mstari mwekundu, mweupe, mwekundu maana yake hapo hapapitwi. Uliza mkodishaji siku hiyo njia ipi iko wazi na mwelekeo upi unaruhusiwa, maana ukarabati hubadilisha mambo.

Ukiweza kuchagua, fanya hivi: mfereji wa nje uwe na upepo mgongoni. Uko wazi, na upepo wa huko mara nyingi hutoka kusini-magharibi. Ndani ya Oudegracht kuta zinakukinga, hivyo kipande cha kupambana na upepo kiwe humo. Mzunguko mzima unaweza kuchukua saa mbili kwa mikono isiyozoea. Wapangie saa tatu wasiowahi kushika kasia, na usiwaamini waliowahi kushika la Mtera. Lile ni la mtumbwi na maji mapana.

Nchi kavu, hatari ni baiskeli. Njia zake ni nyekundu au zina alama, hazina kelele, na mwendeshaji hategemei kwamba utasimama katikati kupiga picha. Kabla ya kuvuka tazama kushoto kwanza, kisha kulia, kisha kushoto tena.

Malipo. Treni na basi unalipia kwa kugusisha kadi ya benki ya Visa au Mastercard langoni unapoingia na unapotoka. Ukigusisha kadi unapoingia na simu unapotoka, mashine inaona watu wawili ambao kila mmoja hakumaliza safari, na wote wawili wanakatwa zaidi. Kabla ya kuondoka Dodoma, omba benki yako iifungulie kadi matumizi ya nje. Sehemu nyingi hazipokei kabisa pesa taslimu, vyoo vya stesheni vikiwemo.

Mavazi: mchana wa Aprili kule ni sawa na usiku wetu wa Julai, na ndani ya mfereji ni baridi zaidi kwa sababu jua halifiki chini mapema. Koti lisilopitisha upepo lina faida kuliko sweta mbili. Mwavuli acha, utapinduliwa. Viatu viwe na soli nene. Matofali ya Utrecht huumiza nyayo kuliko ngazi za mnara. Desemba jua huzama saa 10 na nusu jioni, Juni karibu saa 4 usiku, jambo la kuzingatia kwa anayesali Magharibi na kwa anayetaka picha.

Migahawa ya gatini ni ghali, unalipia maji. Kunywa kahawa pale, kisha kula upande wa pili wa stesheni, mtaa wa Lombok, barabara ya Kanaalstraat. Wapo Waturuki na Wamoroko, nyama halali ipo, na maduka yana viungo ambavyo mtu wa kwetu ataviona vinafaa. Kina mama, na kina baba wanaotumwa, wapitie kwanza Breedstraat: Jumamosi kuna soko la vitambaa lililoanza mwaka 1597. Vitambaa hupimwa kwa mita, na soko hufungwa mapema mchana, kwa hiyo wahi.

Mwenye ndege ya asubuhi asikimbie kulala hoteli ya Schiphol. Treni za Utrecht kwenda uwanjani hupita usiku kucha, takriban moja kila saa. Angalia tu ubao, kwa sababu usiku wa matengenezo huwekwa basi badala yake, na basi hilo huchukua muda mrefu zaidi.