Kabla ya Kukata Tiketi, Uliza Nani Analala Mjini

Mji wa kale unaofaa kutembelewa ni ule ambao wenyewe bado wanalala ndani yake. Hilo liangaliwe kwanza, kabla ya bei na kabla ya picha. Sisi wa Lamu kipimo tunacho mlangoni: pita Usita wa Mui, njia yetu kuu, asubuhi, utakuta punda na mizigo yao, watoto wakienda chuoni kusoma Kurani, wazee wamekaa barazani. Mji wetu uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na kilichoupa thamani si kuta tu, ni kwamba maisha ndani ya kuta hizo hayajakatika.

Basi mji wa ugenini nao upime vivyo hivyo. Fungua ramani ya simu, kuza sehemu ya mji wa kale, kisha tafuta misikiti au makanisa, shule, matanuri ya mikate, mafundi cherehani. Ukiona hoteli na maduka ya zawadi pekee, jua wenyewe wamehama. Utapata kuta nzuri, lakini jioni hutapata wa kuzungumza naye.

Kwa mtu wa Lamu, mji ninaoutanguliza ni Fes, kule Moroko. Ndani ya mji wa kale, Fes el-Bali, magari hayapiti, mizigo hubebwa na punda na nyumbu, na ukisikia "balak!" nyuma yako, jibanze ukutani. Ndiyo simile yao. Kupotea utapotea, na ramani ya simu hubabaika kwenye vichochoro vyembamba kwa sababu kuta ndefu huzuia mawimbi ya setilaiti. Dawa yake tunaijua: kama vichochoro vya Lamu vinavyoteremka baharini, Fes nayo imeteremka. Ukifuata mteremko wa njia ya Talaa Kebira utafika kwenye msikiti wa Qarawiyyin, ambao asili yake ni mwaka 859. Ukipanda utatokea lango la Bou Jeloud. Kijana akikwambia njia mbele imefungwa, mshukuru uendelee kutembea, maana mara nyingi anataka akuongoze kisha umlipe. Misikiti ya Moroko karibu yote haimruhusu asiye Mwislamu kuingia, hivyo Mwislamu aingie nyakati za sala, aone kile ambacho watalii wengi hukichungulia mlangoni.

Pale Chouara, kiwanda cha ngozi cha Fes, ngozi hulowekwa kwenye chokaa na kinyesi cha njiwa, kwa sababu amonia iliyomo hulainisha ngozi kabla ya kutiwa rangi. Nenda asubuhi, jua likipanda harufu huzidi. Wenye maduka ya juu watakupa jani la nanaa na kukupandisha darini kutazama. Kubalianeni mapema kama kuna malipo. Na Ijumaa usiipangie ununuzi, kwani maduka mengi hufungwa na watu hurudi nyumbani kula kuskusi.

Wa pili ni Harar, Ethiopia, na huu watu wa pwani wanausahau bila sababu. Mji umezungushiwa ukuta uitwao Jugol, una misikiti 82, na uliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2006. Nyumba zake zitakukumbusha zetu: ukutani kuna vidaka, sebuleni kuna madaraja ya kukalia ya vimo mbalimbali, kila mtu na pake kwa heshima yake, na vikapu vilivyosukwa vimetundikwa kila mahali. Familia kadhaa hupokea wageni ndani ya ukuta, lala huko. Ndege hutua Dire Dawa, kisha ni kama kilomita 50 kwa gari. Ulizia hali ya usalama wiki ile ile ya safari, si mwezi mmoja kabla. Jambo moja linalowachanganya wageni wengine kwetu ni rahisi: Waethiopia huhesabu saa kuanzia macheo, kama sisi. Basi la saa moja ni la asubuhi kweli. Tiketi ya ndege ndiyo huandikwa kwa saa za kimataifa, kwa hiyo uliza ni saa ipi.

Maskati, Oman, una uzuri wa namna yake, kwa kuwa Kiswahili kitakufaa: wengi waliohamia kutoka Unguja baada ya mapinduzi ya 1964, pamoja na watoto wao, bado wanakizungumza. Lakini mji umetawanyika kandokando ya bahari na bila gari hufiki mbali. Lala mtaa wa Mutrah, karibu na soko. Soko hilo hupumzika mchana na kufunguliwa tena alasiri. Nenda majira ya kaskazi, kati ya Novemba na Machi. Juni na Julai joto hupita digrii 40. Jihadhari pia na hesabu: riali moja ya Oman ni kama dola 2.6 za Marekani, kwa hiyo chumba cha riali 20 ni dola 52, si 20.

Istanbul nitaupitia haraka. Mtaa wa Sultanahmet umejaa hoteli, hivyo lala Üsküdar, ng'ambo ya upande wa Asia, uvuke kwa feri kila asubuhi. Kapalıçarşı, lile soko kubwa la paa, hufungwa Jumapili, jumba la Topkapı hufungwa Jumanne.

Kalenda huharibu safari nyingi kuliko pesa. Mwaka wa Hijria hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo Ramadhani au Maulidi ya mwaka huu haviko pale vilipokuwa mwaka jana. Na usigawe siku sita kwa miji mitatu. Siku ya kwanza huliwa na uchovu, ya pili na yale makubwa ambayo kila mtu huyaona. Muuza chai huanza kukukumbuka siku ya tatu.

Pasipoti iwe na angalau miezi sita mbele. Masharti ya viza yathibitishe ubalozini kabla ya kulipia ndege. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya kuondoka, kwani kadi haihesabiki kabla ya hapo; ikishaanza, hudumu maisha. Ndege nyingi kutoka Manda, kiwanja chetu cha Lamu, hutua kiwanja cha Wilson, Nairobi, ilhali za nje huondokea kiwanja cha Jomo Kenyatta, na katikati kuna foleni za Nairobi. Lala Nairobi usiku mmoja. Wakati wa kurudi, zawadi zipime mapema: kilo 23 zilizokubaliwa na ndege kubwa zitakataliwa Wilson, ambako baadhi ya ndege ndogo hazizidishi kilo 15. Makubazi ya ngozi ya Fes ni mepesi. Sahani za udongo waachie wanaorudi kwa basi hadi Mokowe, gati la bara la kuvukia Lamu.