Dagaa wamegeuka njano na hawajaoza

Juzi nimefungua kiroba cha dagaa wa Mwanza niliokuwa nao kama miezi miwili hivi, upande mmoja wako safi wanang'aa, ila pale kiroba kilipochanika na jua la dirishani linapiga wamekuwa njano kama kutu, ukitafuna mmoja tu koo linawasha. Ukungu hakuna, funza hakuna, na walikauka vizuri kabisa. Ni mafuta yao ndo yamekutana na hewa na mwanga yakaharibika, na hapo chumvi haikusaidii kitu maana kazi yake ni kuzuia bakteria.

Viwandani kwa shida hii wanatia BHA au BHT, dawa za kutengeneza maabara. Mi badala yake nimezama kwenye spirulina, ule ujani unaojiotea kwenye maji ya magadi kama Natron na Nakuru, ndo chakula cha flamingo na ndo unaowapa ile rangi yao. Hebu fikiria, kimdudu hakionekani kwa macho, kinashinda juani kutwa na kinatoa oksijeni chenyewe, kisipokuwa na kinga kinaungua, kwa hiyo kimejaa vitu vya kupokea yale mashambulizi ya jua na oksijeni kabla hayajafika kwenye mafuta yake. Vikikamuliwa vikatiwa kwenye chakula vinaifanya kazi ileile. Na kukamua kinga kwenye ujani wa majini si mambo ya jana, mwaka 1944 Wamarekani walishatoa kwenye chlorella, ujani mwingine mdogo hivihivi, kitu cha kuua bakteria wakakiita chlorellin.

Ila usikimbilie kununua unga wa spirulina ukanyunyiza. Mi nilitia kwenye siagi ya karanga, ikawa kijani, mama mdogo kaonja akasema mwanangu hii inanuka ziwa, na kweli inanuka. Halafu ile rangi ya bluu inayosifiwa sana, fikosianini, inayeyuka kwenye maji sio kwenye mafuta, na moto ukipita nyuzi 60 inakufa haraka, kwa hiyo mafuta ya kukaangia sahau. Kwa dagaa nadhani inayotakiwa ni ile sehemu inayoyeyuka kwenye mafuta, karotini na wenzake, na hiyo huwezi kuikamua jikoni.

Natamani sana mtu mwenye maabara aijaribu kwa dagaa wa pale Mwaloni, soko la samaki Mwanza, kina mama wanapoteza hela nyingi mno kwa hii njano. Wangu waliobaki nimewahamishia kwenye ndoo ya mfuniko, nimeisukuma chini ya kitanda kwenye giza.