Siku Bibi Alipokunywa Kahawa Yake

Kwa Bibi, kule Kalinzi, kwenye milima ya Kigoma, kahawa ilikuwa kitu cha kuchuma, kumenya, kuosha na kuanika. Kunywa, tulikunywa chai ya rangi, na wakubwa pombe ya ndizi. Akija mgeni wa heshima, mwalimu mkuu au padri, ndipo lilipofunguliwa kopo la Africafe lililotengenezwa Bukoba. Kijiko kimoja kikakorogwa kwenye maji ya moto, kopo likafunikwa na kurudishwa kabatini. Na nje ya dirisha hilo hilo, hatua tano tu, kahawa ya Bibi mwenyewe ilikuwa imetandazwa kwenye vichanja, nyeupe ndani ya maganda yake.

Nikiwa darasa la tatu nilimuuliza wanaoinunua wanaifanyia nini.

"Wanakunywa," akasema.

Nikauliza wanakunywaje kitu kigumu vile. Akaokota punje moja, akaing'ata, akaitema pembeni. "Hata mimi sijui wanaanzia wapi, mume wangu. Mimi najua inakoishia tu. Inaishia kwenye ada yako."

Ni kweli, iliishia huko. Nilisoma kwa kahawa ile tangu shule ya msingi hadi chuo.

Kunywa kahawa nilikuja kujifunzia mjini Kigoma baada ya kuajiriwa, kwenye kijiwe kimoja cha Ujiji. Mzee wa pale alikuwa na dele lake juu ya mkaa na ndoo ya maji ya kusuuzia vikombe, na kashata zimepangwa kwenye sinia. Wazee walianza kukusanyika baada ya sala ya alasiri. Nilipenda ule uchungu unaokaza ulimi, halafu kashata inakuja kuulegeza. Siku moja nikamuuliza mzee kahawa yake inatoka wapi. "Dukani," akanijibu, tena kwa adabu kabisa. Sikuuliza zaidi, lakini nilirudi nyumbani na swali langu. Milima inayolimwa kahawa iko pale pale, unaiendea na kurudi siku hiyo hiyo, na hakuna hata mmoja kijiweni aliyejua kama anakunywa ya kwetu au ya watu wengine.

Mwaka 2015 nilipelekwa Addis Ababa kwa mafunzo ya wiki moja. Mji ule uko juu, zaidi ya mita 2,300, na baridi yake ya asubuhi ilinikumbusha Kalinzi tangu niliposhuka kwenye ndege. Jambo la kwanza lililonifurahisha lilikuwa saa. Mwenyeji wetu aliandika ubaoni kwamba tukutane saa mbili asubuhi. Wenzangu wa nchi nyingine wakashtuka, wakadhani ni usiku wa manane. Mimi nilifika kwa wakati bila kuuliza mtu, maana Wahabeshi wanahesabu saa kama sisi, kuanzia jua linapochomoza. La pili lilikuwa neno. Kahawa wao wanaiita buna. Sisi tuna buni, punje ya kahawa, na mkulima yeyote wa kwetu anajua buni ni nini. Nikajiona niko kwa ndugu ambaye sikuwahi kutembelewa naye.

Mafunzo yalikuwa yakiisha saa kumi. Nilimwambia mwenyeji wetu kwamba nataka kunywa kahawa kwenye sehemu zote nzuri za mji ule, na kila sehemu nataka kuuliza swali moja tu: hii imelimwa wapi?

Jioni ya kwanza alinipeleka Tomoca, mtaa wa Piazza, jina lililoachwa na Waitaliano walioikalia nchi ile kuanzia 1936 hadi 1941. Duka lilifunguliwa mwaka 1953. Harufu ilitupokea barabarani kabla hatujauona mlango. Ndani watu wanakunywa wamesimama, wameegemea meza ndefu nyembamba, mzee mwenye koti lililochakaa bega kwa bega na kijana wa benki. Hakuna aliyekaa muda mrefu. Mtu anakunywa, anafuta mdomo, anaondoka na mfuko wa kahawa iliyopimwa kwenye mizani. Nilikunywa makiato, kahawa nzito yenye tone la maziwa ya povu, kwenye kikombe kinachoenea kiganjani. Nikauliza swali langu. Kijana wa kaunta hakusita: akataja Sidamo, akataja Harar, akaanza kunieleza tofauti zake hadi foleni ikanung'unika nyuma yangu.

Nilibaki nimeshika kikombe kitupu. Kijana yule hakuwa mkulima wala mtaalamu wa kilimo. Alikuwa mwuza kahawa kama mzee wangu wa Ujiji, na alizijua sehemu za nchi yake kwa ladha.

Jioni nyingine tulikwenda Kaldi's, mahali pa vijana wenye kompyuta na keki zilizopangwa nyuma ya vioo. Kahawa yake haikunikaa sana, maziwa yaliizidi. Lakini jina lake ni la yule mchunga mbuzi wa hadithi, Kaldi, anayesemekana aliwaona mbuzi wake wakirukaruka baada ya kula matunda mekundu ya kichakani. Hadithi hiyo niliitunza kwa ajili ya Bibi.

Jumamosi mwenyeji wetu akanikaribisha kwao. Majani mabichi yalikuwa yametandazwa sakafuni na ubani unafuka. Mkewe alikaa kwenye kigoda kifupi, akaziosha buni mbichi, akazikaanga kwenye kikaango cha chuma mbele yetu, kisha akazungusha kikaango kwa kila mmoja ili avute moshi wake kwa mkono. Akatwanga. Akapika kwenye birika la udongo lenye tumbo la duara na shingo ndefu, wanaliita jebena, na bisi zikapita kwenye bakuli. Kahawa inamiminwa mara tatu kutoka birika lile lile, kila mara ikiongezwa maji, na kila mzunguko una jina: abol, tona, bereka. Hilo la tatu sikuhitaji kutafsiriwa. Ni baraka, na mgeni haondoki kabla ya baraka.

Mwenyeji wangu akaniambia kwamba karibu nusu ya kahawa yote inayovunwa Ethiopia inanywewa na Waethiopia wenyewe. Akaniuliza, na kwenu? Nikamwambia ukweli. Kwetu karibu yote inakwenda nje. Akaniuliza, "Sasa bibi yako anakunywa nini?"

Nililala na swali hilo. Kesho yake nilirudi Tomoca nikanunua nusu kilo ya kahawa iliyokaangwa, nzima, haijasagwa. Sokoni Merkato nikanunua jebena, nikaizungushia sweta langu na kuipakata kwenye ndege hadi Dar es Salaam, na tena hadi Kigoma.

Wiki mbili baadaye nilipanda gari kwenda Kalinzi. Bibi alikuwa amekaa barazani anachambua maharage. Tukasalimiana, akaniuliza hali ya huko nilikokwenda, na kama wanakula ugali. Nikamfungulia sweta. Akaligeuza lile jebena mikononi, akalipiga kwa ukucha kusikiliza mlio. "Aliyefinyanga hili ana mkono mwepesi," akasema. Nikamsimulia habari ya Kaldi na mbuzi wake. Akacheka hadi akashika mbavu. "Mbuzi wangu wamekula kahawa yangu miaka yote hiyo, na kilichofuata kilikuwa fimbo!"

Nikamwomba kahawa. Akaniangalia. Msimu ulikuwa umekwisha, mzigo wote ulishapelekwa chama cha msingi, lakini chini ya kichanja cha mwisho kulikuwa na kibaba kilichofagiwa na kuwekwa kwenye kikapu. Tukaanza kazi.

Kahawa ya maganda huwezi kuikaanga hivyo hivyo. Kiwandani inakobolewa kwa mashine. Sisi tuliitia kwenye kinu, na Bibi akanionya nisitwange kama natwanga muhogo, mchi uguse tu na kuachia. Maganda yakapasuka kama karatasi kavu. Akapepeta kwenye ungo, yakaruka, na zikabaki punje za kijani kilichopauka, zenye mfereji katikati. Bibi alizisogeza kwa kidole kimoja kwa muda mrefu. Alikuwa amelima kahawa tangu alipoolewa, lakini mkono wake ulikuwa ukiishia kwenye ganda. Ndani ya ganda ilikuwa kazi ya watu wengine.

Mkaango wa kwanza niliuharibu. Niliweka kikaango kwenye mafiga, moto mkali, na kwa dakika chache punje zikawa nyeusi nje na mbichi ndani. Nilipoing'ata moja ilikuwa na ladha ya majivu na nyasi. Bibi akanipokonya mwiko.

"Wewe unapika kwa macho," akasema. "Karanga zinapikwa kwa masikio."

Akavuta kuni mbili nje, akabakiza makaa. Nikaweka punje chache za Tomoca pembeni ya ungo ili aone rangi tunayoifuata. Akakoroga bila kupumzika, mwiko ukizunguka kutoka ukingoni kuingia kati. Kwanza ikatoka harufu ya majani yaliyonyeshewa, halafu harufu ya mkate. Halafu zikaanza kulia, ta, ta, ta-ta, kidogo kidogo kisha zote pamoja, na Bibi akainamisha sikio kama anayesikiliza mtu chumba cha pili. Mlio ulipoanza kupungua, akapindua kikaango chote kwenye ungo na kupepeta kwa nguvu. Vigamba vyembamba vikapeperuka hadi kwenye migomba. Akalinganisha rangi na zile punje za Addis, zilikuwa karibu sawa, za kwetu zimezidi wekundu kidogo.

Harufu ilikuwa imeshafika kwa majirani. Mama mdogo akaja na mwanawe mgongoni, akaja pia mzee wa nyumba ya juu. Watoto wakatumwa kukaanga bisi.

Tulitwanga tena, tukachekecha, tukapika kwenye jebena. Nilimimina abol kwenye vikombe vya chai kwa sababu vidogo havikuwepo, nusu nusu. Bibi akapokea kwa mikono miwili. Akanusa. Akanywa fundo moja, akakunja uso, akanyamaza. Sote tukanyamaza naye. Akanywa la pili.

"Ina uchachu," akasema, "kama chungwa la kwa marehemu babu yako."

Alikuwa sahihi. Nimekunywa kahawa nyingi tangu siku ile, na bado naupata ule uchachu wa chungwa kwenye kahawa ya milima yetu, uchachu safi usiokera, na nyuma yake utamu wa mbali. Nilimpa na ile ya Tomoca aonje. Akasema ile ni nzito, ni ya kiume, hii yake ni ya asubuhi.

Kwenye tona akaniuliza kule mjini kikombe kimoja wanauza kiasi gani. Nikamwambia, kwa shilingi zetu. Akaniuliza kikombe kimoja kinakula punje ngapi. Nikazihesabu mbele yake kwenye ungo, sitini hivi. Akazikusanya kiganjani, hazikukijaza.

Tukapiga hesabu pamoja, mimi kwa kalamu nyuma ya bahasha, yeye kwa vidole. Kilo moja iliyokobolewa ikikaangwa inapungua, inabaki gramu 800 au zaidi kidogo, na kwa gramu nane kila kikombe unapata vikombe 100. Akarudia hiyo mia moja mara mbili. Kisha akataja bei ya kilo aliyolipwa msimu ule. Mzee wa nyumba ya juu akaweka kikombe chini. Hakuna aliyesema kitu, na mimi niliinamisha kichwa, kwa sababu bei ile ndiyo iliyonisomesha, na nilikuwa nimeinywa Addis Ababa kwa siku sita nikiwa nimesimama.

Bibi ndiye aliyevunja ukimya. "Kumbe mti mmoja unaweza kunywesha kijiji," akasema. Akanyoosha kikombe chake. "Lete hiyo baraka."

Msimu uliofuata nilipokwenda kumsalimia, hakunipa nafasi ya kukaa. Aliingia chumbani, nikamsikia akivuta kitu chini ya kitanda, akatoka amekumbatia foronya iliyoshonwa mdomo kwa uzi wa katani. Kilo tano, labda sita.

"Hii haikupanda kwenye mizani ya mtu," akasema. Jebena lilikuwa kabatini, pale pale pa lile kopo. Akanituma nikavute makaa.